Mnara hautaanguka mwakani, ila ukingo usiusogelee

“Assalaam aleikum mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Tanga, umri miaka 64. Binti yangu anaishi Aalborg, Denmark, na amenikatia tiketi ya Agosti nikamwone yeye na mjukuu wangu wa miaka mitano. Katika matembezi aliyopanga, mojawapo ni kwenda kuuona mnara wa taa wa Rubjerg Knude, ambao naambiwa unaliwa na bahari, na kwamba tusipouwahi sasa, mwakani hatutaukuta. Nimeona video wakiusukuma mnara mzima juu ya reli kama behewa, nikadhani nachezewa. Naomba kujua: ni salama kumpeleka mtoto mahali panapomomonyoka? Mimi mwenyewe goti la kulia linanisumbua. Na kwa nini wale wenye pesa zao hawakujenga ukuta kama ule wa Barabara ya Obama pale Dar es Salaam? Ni kweli yote haya yanatokana na bahari kupanda? Mwisho, kaka yangu anakaa kwenye nyumba ya marehemu baba huko Pangani, uani kwake ni maji, naye kaniagiza nikapeleleze walivyousukuma ule mnara ili na sisi tuisukume nyumba.”

Waalaikum salaam mzee wangu, na shikamoo. Nimecheka niliposoma agizo la kaka yako, kisha nikaacha kucheka, maana ndilo swali zito kuliko yote. Nitalifikia. Kwanza nikutoe hofu: nenda, na mjukuu mchukue. Mnara ule hautaanguka mwakani wala mwaka wa pili yake. Ila hofu yako umeielekeza pasipo, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanakwenda wakiuogopa mnara, kumbe wa kuogopwa ni ukingo.

Mnara ulijengwa juu ya genge la Lønstrup, yaani ukuta wa ardhi uliokatika wima juu ya bahari, pwani ya kaskazini-magharibi ya Denmark, na taa yake ikawashwa mara ya kwanza Desemba 1900. Ni wa mraba, umepakwa rangi nyeupe, urefu wake mita 23. Genge lenyewe liko juu ya bahari kwa mita kama 60, kwa hiyo mwanga ulitazama maji kutoka juu sana. Wakati ule ulikuwa mita 200 kutoka ukingoni. Ilipofika mwaka 2019, zilikuwa zimebaki mita 6 hivi. Piga hesabu mwenyewe: mita 194 kwa miaka 119 ni zaidi kidogo ya mita moja na nusu kila mwaka.

Tarehe 22 Oktoba 2019 wakausogeza mita 70 kwenda bara. Kwa mwendo ule ule wa mita moja na nusu hadi mbili kwa mwaka, hizo ni kama miaka 35 hadi 45. Wenyewe wanatarajia utasimama hadi karibu na 2060. Mjukuu wako atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Aliyekuambia “mwakani haupo” labda aliiona picha ya zamani, ile ambayo mnara unaonekana kama umekaa mdomoni mwa genge.

Lakini hesabu hiyo ya wastani ina hila, nayo ndiyo sababu ya kukuandikia kwa kirefu. Genge halimomonyoki kila mwaka mita moja na nusu, kama mtu anayelipa kodi ya nyumba kwa wakati. Linaweza kukaa miaka miwili kama halijaguswa, kisha dhoruba moja ya majira ya baridi ikaondoka na mita kadhaa usiku mmoja. Mnara, ukiwa bara makumi ya mita, hayo unayastahimili. Mtu aliyesimama ukingoni akijipiga picha hayastahimili.

Sasa nikueleze kinachotokea pale chini, kwa sababu ukikielewa hutahitaji mtu wa kukukataza. Sisi wa pwani hii tumezoea miamba ya matumbawe, jiwe gumu ambalo wimbi hulitafuna kidogo kidogo kutoka chini. Genge la Lønstrup si jiwe. Ni mchanga, tope kavu na udongo wa mfinyanzi, vitu vilivyotandazwa na maji wakati wa Enzi ya Barafu, kisha barafu yenyewe ikavisukuma na kuvikunja hadi tabaka zikasimama mshazari, kama mkeka uliosukumwa kwa mguu ukajikunja. Ukisimama ufukweni ukatazama juu utaziona tabaka zenyewe zimelala upande, za kijivu na za manjano. Mimi ndilo jambo ninalolipenda kuliko mnara, lakini najua wageni wengi hawaji kutazama udongo.

Udongo wa namna hiyo una maadui wawili. Wa kwanza ni wimbi, linalochota mguu wa genge. Mguu ukiondoka, juu hakuna cha kushikilia, panaporomoka. Kifusi kinalala ufukweni kama ngao kwa muda, halafu wimbi linakibeba, na mchezo unaanza upya. Wa pili ni maji ya mvua na ya barafu inayoyeyuka, yanayopenya katikati ya mchanga hadi kwenye mfinyanzi, yakafanya utelezi, na kipande kizima kikashuka hata siku ambayo bahari imetulia. Kwa hiyo usijidanganye kwamba bahari ikiwa shwari genge nalo limelala.

Na hapa, mzee wangu, uzoefu wako wa Tanga utakupoteza kidogo. Wewe unaisoma bahari kwa mwezi. Unajua bamvua, unajua maji mafu, unajua saa ngapi utapita ufukweni bila kulowa. Kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua. Pwani ile ya Denmark, kujaa na kupwa ni jambo la sentimita tu, hata wenyeji hawalijali. Kinachopandisha maji kule ni upepo. Upepo mkali wa magharibi ukivuma siku nzima, bahari inasukumwa juu ya ufukwe hadi mawimbi yanapiga mguu wa genge, na aliye chini anaweza kukosa pa kupita. Mwezi hautakusaidia. Tazama utabiri wa upepo, na ukiona wa magharibi una nguvu, siku hiyo msishuke ufukweni, tazameni kutoka juu mkiwa mbali na ukingo.

Je, ni bahari kupanda? Sehemu ndogo tu. Bahari za dunia zinapanda, hilo halina ubishi, na kadiri zinavyopanda dhoruba nazo zinafika juu zaidi. Lakini genge lile lilikuwa linarudi nyuma maelfu ya miaka kabla ya gari la kwanza kuwashwa. Tena, ardhi ya kaskazini mwa Denmark yenyewe bado inainuka polepole sana, kwa kuwa zamani ililemewa na barafu nene, na mzigo ulipoondoka ikaanza kujinyoosha kama godoro mtu anapoinuka. Ukiwa na udongo laini, mawimbi ya bahari iliyo wazi na mkondo unaobeba mchanga, unapata mmomonyoko hata bahari isipopanda kidole.

Jambo ambalo video haikukuonyesha ni kwamba taa haikuzimwa na bahari. Ilizimwa na mchanga. Kadiri genge lilivyokatwa, upepo ulichota mchanga kutoka kwenye uso wake ukaurusha juu, ukajilundika kati ya mnara na bahari. Wakapanda majani ya kushika mchanga, wakaweka matawi, wakachota. Mchanga ukawashinda. Tuta likawa refu kiasi kwamba meli baharini hazikuiona tena taa, na tarehe 1 Agosti 1968 wakaizima. Baadaye pakafanywa makumbusho, nayo ikafungwa mwaka 2002 kwa sababu mchanga ulikuwa unazifukia nyumba za pembeni. Kisha tuta likaendelea na safari yake kwenda bara, likaupita mnara, likauacha wazi unatazamana na genge. Ukipaona utaelewa kwa nini watu husimama kimya.

Kuhusu ukuta. Ukuta wa Barabara ya Obama unakinga barabara ya mji mkubwa, na nyuma yake ardhi ni ya chini na tambarare. Unapimwa gharama yake dhidi ya kile kinachokingwa. Pale Rubjerg ungekinga mnara mmoja usiowaka, kwenye genge la mita 60 ambalo hata ukilikinga mguu, mvua itaendelea kulishusha kutoka juu. Ungetaka kulikata mteremko liwe la kulala, na ukilikata unakuwa umelimomonyoa kwa mikono yako.

Lakini sababu kubwa iko kaskazini. Mchanga unaotoka kwenye genge lile haupotei. Mkondo wa pwani unaubeba kuelekea Skagen, ncha ya juu kabisa ya Denmark, ambako bahari mbili zinakutana na nchi inazidi kurefuka. Ukilifungia genge kwa ukuta, unamnyima mchanga aliye mbele. Kwetu tumeliona hili Kunduchi. Mchanga ulichimbwa kwenye mito inayolisha fukwe zile, kukajengwa kuta za mawe za kuingia baharini mbele ya hoteli, kila mmoja akikinga kipande chake, na Hoteli ya Africana ikaishia kuachwa. Na Kisiwa cha Maziwi, mbele ya Pangani yenu, wewe kwa umri wako huenda uliwahi kukikanyaga. Kilikuwa na mivinje na kasa wakitaga. Mivinje ikakatwa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kikawa fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa.

Hivyo Wadenmark walikuwa na njia nne mezani. Ukuta, ambao nimeueleza. Kuacha uanguke, na hiyo ilikuwa nia yao kwa miaka mingi, wala si aibu: kule Uingereza, mnara wa Orfordness uliojengwa 1792 ulibomolewa kwa makusudi mwaka 2020 kabla bahari haijauchukua. Kuubomoa tofali kwa tofali na kuujenga kwingine, ambayo mara nyingi huishia kuwa jengo jipya lenye jina la zamani. Au kuusogeza. Wenye kuusogeza walishinda, serikali ikachangia kroner milioni 5 (kroner ndiyo pesa ya Denmark), na kazi ikasimamiwa na fundi mwashi wa eneo lile, Kjeld Pedersen. Kuna walioona ni pesa nyingi kwa taa isiyowaka. Mimi naona walifanya vizuri, lakini sitajifanya kwamba wapinzani wao walikuwa wajinga. Wamenunua miaka arobaini. Hawakuushinda mmomonyoko.

Kusogeza mnara si uchawi. Wanachimba kuzunguka msingi, wanapitisha mihimili mizito chini yake, wanaunyanyua kwa jeki za haidroliki zinazokwenda sawa, wanauteremsha juu ya magurudumu yaliyokaa kwenye reli, wanauvuta kwa mwendo wa konokono. Huo wa Rubjerg una zaidi ya tani 700 na ulimaliza safari yake siku moja. Kule Marekani, mnara wa Cape Hatteras, North Carolina, ni mkubwa mno kuliko huo, kama tani 4,400, na mwaka 1999 ulisogezwa mita 884 kwa siku 23. Ulipowashwa mwaka 1870 ulikuwa mita kama 450 kutoka majini. Kule nako walijaribu kwanza kuta za kuingia baharini na kumwaga mchanga, miaka na miaka.

Sasa safari yenu. Kutoka Aalborg ni kama saa moja kwa gari. Kutoka maegesho hadi mnara ni zaidi ya kilomita moja kwa miguu, na mwisho wa njia ni mchanga laini, ule unaopiga hatua mbili ukarudi moja. Goti lako litalalamika hapo kuliko kwenye ngazi za mnara. Chukua fimbo, vaa viatu vilivyofungwa, nenda taratibu, na ukichoka nusu ya njia mnara unaonekana vizuri kutoka mbali pia. Ukikuta mlango uko wazi, ndani kuna ngazi hadi juu. Hakuna atakayekudai upande. Iwapo goti huvimba baada ya kutembea, hukwama ghafla, au hukuachia ukakaribia kuanguka, muone daktari wa mifupa hapo Tanga kabla ya safari, si baada ya kurudi. Na kama ukipanda ngazi kifua hubana, basi daktari kwanza, mnara baadaye.

Agosti kwao ni kiangazi, lakini ni kiangazi cha koti. Upepo pale juu una mchanga ndani yake, kwa hivyo mchukulieni mtoto miwani ya kufunika macho vizuri. Mchanga ukimwingia jichoni, asisugue. Mwoshe kwa maji safi mengi, na kama baada ya saa chache jicho bado ni jekundu, linauma au hataki kulifungua kwenye mwanga, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mtoto wa miaka mitano anakimbia. Ufukweni Tanga akikimbia anaishia majini na utamwona. Pale akikimbia upande usiofaa anaishia hewani. Kwa hiyo upande wa bahari wa mnara ashikwe mkono na mtu mzima mwenye magoti mazima, yaani mama yake. Ukingo wa genge mara nyingi ni kama ukoko wa wali uliobaki ukining’inia kwenye sufuria ambayo wali wake umeshapakuliwa. Juu unaona majani na mchanga umeshikamana kwa mizizi, chini yake ni uwazi. Huwezi kujua kwa kutazama kutoka juu. Mimi mwenyewe, ambaye kazi yangu ni kupima fukwe, nikiwa pale sisogei karibu ya hatua kumi, na mvua ikiwa imenyesha jana naziongeza. Ukiona ufa ardhini unaokwenda sambamba na ukingo, kilicho mbele ya ufa huo kihesabu kimeshakwenda.

Asichimbe pango kwenye ubavu wa tuta la mchanga. Ni mchezo mtamu, na mchanga ukishuka humfukia mtoto kwa sekunde. Mkiwa chini ufukweni, msitandike chakula chini ya genge, hata kama ndipo penye kivuli cha upepo, na msikanyage tope la kijivu lililotiririka kutoka juu. Linaonekana kavu, kumbe ni kinamo kinachonasa mguu hadi gotini. Mtu akifukiwa au kunasa, pigeni 112, namba ya dharura ya kule, kwanza, ndipo mchimbe. Vibao vya pale huenda vimeandikwa kwa Kidenmark. Binti yako asome kila kibao kabla ya kupita, hasa vinavyofunga njia, maana njia huhamishwa kadiri genge linavyoliwa.

Mkipata siku ya pili, nendeni Skagen. Kuna kanisa lililofukiwa na mchanga, likafungwa mwaka 1795, limebaki mnara wake tu umechomoza. Mjukuu ataona mchanga wa Lønstrup ulipofikia.

Na nyumba ya baba. Mwambie kaka yako, kwa heshima, haisogezwi. Mnara wa Rubjerg ni mwili mmoja wa matofali, kuta nne zilizokaribiana na msingi ulioweza kupitishiwa mihimili. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye boriti na kuta ndefu zisizofungwa pamoja chini, ukiinyanyua inakuwa vipande. Hata ingewezekana, gharama ingejenga nyumba tatu mpya Muheza.

Lakini asikate tamaa wala asianze kumwaga mawe uani usiku kwa usiku, kwa sababu mawimbi yatakayogeuzwa na mawe yake yatamla jirani, na kesi itakuja kabla ya bamvua. Nataka afanye hivi. Achague pembe mbili za nyumba, apime kwa futi kamba umbali kutoka kila pembe hadi pale ardhi inapokatika, aandike na tarehe, apige picha amesimama pale pale. Arudie kila bamvua kwa mwaka mzima, kusi na kaskazi, na baada ya kila mvua kubwa. Bila vipimo hivyo hata mimi nitakuwa nakisia tu. Akishakuwa navyo, au hata kabla kama ameona ufa ukutani au sakafu inainama upande wa maji, atafute mhandisi afike pale aikanyage ardhi mwenyewe. Hilo halitibiki kwa barua. Na asijenge wala kuongeza chochote bila kupita halmashauri na mamlaka ya taifa ya mazingira (NEMC), kwa kuwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nyumba kama ni ya kale kweli, aulize pia watu wa Mambo ya Kale.

Kama ufa upo tayari, wasilale vyumba vya upande wa maji msimu wa mvua. Vipimo vya miezi mitatu ya kwanza nitumie, nivitazame wakati wewe unarudi kutoka Aalborg.